Picha Zilizoungua

Hotuba kwa vijana wanaokwenda kusoma ng'ambo na wazazi wao, Dar es Salaam

Wazazi wenzangu, walimu, na ninyi wanangu mnaosafiri Septemba hii: walio wakubwa kwangu shikamooni, wadogo zangu na wanangu hamjambo.

Niliombwa niseme machache juu ya maisha ya mwanafunzi ugenini. Nikakaa mezani jioni tatu. Kila nilipoanza na habari za viza, baridi na chakula, kalamu ilinirudisha mahali pale pale: bafuni, Beijing, asubuhi ya tarehe 6 Juni 1989. Baba yangu ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea. Mkononi ana kamera yangu. Amefungua mgongo wa kamera na anavuta mkanda taratibu, taa inawaka, na mkanda unatoka ukijikunja kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika. Zilikuwa picha 36. Ninyi wa simu hamwezi kujua, lakini wazazi wenu wanajua: mkanda ukipigwa na mwanga kabla ya kusafishwa, basi, umeungua. Hakuna fundi duniani wa kuurudisha.

Nilikuwa na miaka 16. Nilimchukia baba kwa jambo lile miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya watu. Naomba leo niwaeleze kilichokuwa ndani ya ule mkanda, uliopigwa wakati wa maandamano ya wanafunzi wa Beijing mwaka ule.

Tulifikaje huko? Baba alikuwa mtangazaji. Mwaka 1987 alipata mkataba wa kufanya kazi Radio Beijing, katika idhaa ya Kiswahili, ambayo ilikuwa hewani tangu 1961. Kazi yake ilikuwa kusahihisha tafsiri na kusoma taarifa. Wataalamu wa kigeni tuliishi Hoteli ya Urafiki, wilaya ya Haidian, majengo makubwa ya mapaa ya vigae vya kijani yaliyojengwa miaka ya hamsini kwa ajili ya wataalamu wa Kisovieti. Sisi tulikuwa tumetoka Ubungo, jirani kabisa na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kile walichotujengea Wachina kikafunguliwa 1968. Mama alisema siku ya kwanza, "Tumetoka Urafiki tumekuja Urafiki." Kwa familia yetu China ilikuwa hivyo. Ilikuwa kitenge, ilikuwa reli ya TAZARA, ilikuwa makaburi ya wale mafundi wa Kichina waliozikwa Gongo la Mboto.

Haidian ndiko viliko vyuo vikuu vya Beijing. Ukipanda basi namba 332 kutoka Bustani ya Wanyama unapita Chuo Kikuu cha Renmin, karibu sana na hoteli yetu, unaendelea hadi Chuo Kikuu cha Beijing na mbele yake Ikulu ya Majira ya Joto. Basi lenyewe lilijaa wanafunzi. Mimi nilikuwa binti pekee mweusi ndani yake siku nyingi, na nilizoea kutazamwa. Kichina nilikiokota upesi, kama watoto wanavyookota lugha, kwa rafiki mmoja aliyekuwa binti wa mfanyakazi mwenzake baba. Sitamtaja jina, na mtaelewa kwa nini. Baba yake alizungumza Kiswahili safi, cha mtu aliyekaa na vitabu na wazee wa pwani. Mtu asiyemwona angesema ni mtu wa Unguja.

Kabla sijafika kwenye mkanda, lipo jambo ambalo huwa linarukwa watu wanaposimulia habari za mwaka ule, na mimi sina haki ya kuliruka. Tarehe 24 Desemba 1988, katika Chuo Kikuu cha Hehai mjini Nanjing, palizuka ugomvi getini. Wanafunzi wa Kiafrika walikuwa wanakwenda kwenye dansi ya mkesha wa Krismasi pamoja na wageni wao wa kike wa Kichina, na walinzi wakataka majina ya hao wanawake yaandikwe. Wakapigana. Ukavuma uvumi kwamba Mchina ameuawa. Haukuwa wa kweli, lakini umati ukajaa barabarani, maelfu, wakipiga kelele kwamba mashetani weusi wauawe. Wanafunzi wa Kiafrika wakakimbilia stesheni ya treni, na mwisho polisi wakawapeleka kwenye nyumba ya wageni nje ya mji. Na katika maandamano yale yale yalibebwa mabango ya kudai haki za binadamu na mabadiliko ya kisiasa. Yaani watu walewale, barabara ileile, siku zilezile. Januari mambo yakafika hata Haidian. Baba akanikataza kupanda basi peke yangu.

Kwa hiyo Aprili ilipoingia na wanafunzi wakaanza kuimba "minzhu, minzhu", mimi nilikuwa na hofu yangu binafsi. Neno lenyewe ni zuri. Min ni watu, raia. Zhu ni mwenye kitu, bwana wa kitu. Nililielewa moja kwa moja kwa sababu ya Kiswahili chetu: wananchi ndio wenye nchi. Lakini nilijiuliza, je, barabara ikijaa tena, itanikumbuka mimi kwa lipi?

Tarehe 15 Aprili alifariki Hu Yaobang, aliyekuwa katibu mkuu wa chama tawala cha Kikomunisti na ambaye aliondolewa miaka miwili nyuma kwa kuonekana amewalegezea wanafunzi. Wanafunzi wakaanza kwa kuomboleza. Kisha wakadai: magazeti yaseme kweli, viongozi wataje mali zao, na serikali izungumze nao. Mtu wa Dar es Salaam aliyeishi miaka ya themanini angeyaelewa malalamiko yao bila mkalimani. Bei zilikuwa zimepanda vibaya mwaka 1988. Na kulikuwa na bei mbili za bidhaa, ya serikali na ya soko. Mwenye cheo, au mtoto wa mwenye cheo, ananunua kwa bei ya kwanza anauza kwa bei ya pili. Sisi tulikuwa na neno letu la mambo hayo, ulanguzi, na tofauti ni kwamba kule mlanguzi alikuwa na kiti serikalini. Tarehe 22, siku ya mazishi, vijana watatu walipiga magoti kwenye ngazi za Ukumbi Mkuu wa Umma wakiwa wameinua karatasi ya maombi juu ya vichwa vyao. Walikaa hivyo. Hakutoka kiongozi wa kuipokea.

Tarehe 26 gazeti la chama likaandika katika tahariri kwamba hizo ni vurugu zilizopangwa na watu wachache. Kesho yake nikasikia kishindo cha miguu kutoka upande wa Renmin. Rafiki yangu alikuja mbio getini kwetu, akanivuta mkono. Tukasimama ukingoni mwa barabara, na wanafunzi wakapita, wakapita, wakapita. Polisi walikuwa wameweka mistari kuwazuia na mistari ikasukumwa pembeni kwa mabega tu, bila jiwe kurushwa. Bibi mmoja aliyekuwa anauza barafu za vijiti alifungua sanduku lake lililofunikwa blanketi akaanza kuzigawa bure. Hapo ndipo nilipopiga picha ya kwanza ya maandamano.

Nilinaswa namna hiyo, wanangu. Sikujiunga na kitu. Sikutia saini, sikuhudhuria mkutano. Nilivutwa mkono na rafiki.

Mei ndiyo iliyonibadilisha. Tarehe 13 wanafunzi walianza mgomo wa kula katika Uwanja wa Tiananmen, siku mbili kabla ya Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, kuwasili kwa ziara ya kiserikali. Waliogoma kula walifika zaidi ya 3,000. Mji mzima ukageuka. Ving'ora vya magari ya wagonjwa vilisikika usiku na mchana. Wafanyakazi wa viwandani, wauguzi, waandishi wa magazeti ya serikali, hata wanafunzi wa vyuo vya polisi walitoka na mabango yao. Ilisemwa kwamba hata wezi wa mifukoni wametangaza mgomo wa kutoiba. Tarehe 17, siku ambayo watu kama milioni moja waliingia barabarani, nilimdanganya mama kwamba nakwenda Bustani ya Wanyama, nikapanda nyuma ya baiskeli ya rafiki yangu, tukaenda uwanjani, mwendo wa zaidi ya kilomita kumi.

Kule uwanjani wanafunzi walikuwa wametengeneza njia ya magari ya wagonjwa. Katikati ya bahari ile ya watu walisimama mistari miwili, wameshika kamba ya plastiki, na kati ya mistari hapakanyagwi na mtu. Wenyewe waliiita njia ya uhai. Tulisimama karibu na kijana mmoja mwenye kitambaa kichwani na miwani iliyofungwa plasta kwenye mkono wake mmoja. Akanitazama. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Tansangniya, ndivyo wanavyotamka.

"Tan-Zan tielu!" akapaza sauti, karibu aachie kamba. Reli ya Tanzania na Zambia. Mjomba wake alifanya kazi Mlimba miaka miwili, akarudi na kinyago cha mpingo ambacho bado kipo kwenye kabati la bibi yake. Alitamka Mlimba kwa namna ambayo ilinichukua muda kuitambua. Koo lake lilikuwa limekauka kwa kupiga kelele, akaomba nimshikie kamba akanywe maji. Nikaishika. Alichelewa, kwa sababu kila mtu uwanjani alikuwa anachelewa, na nikakaa na ile kamba saa nzima na ushei. Ilikuwa kamba ya bluu, nyembamba, ile ya kufungia vifurushi, na ilikata kiganja kila umati uliposukuma kutoka nyuma. Gari likapita. Halafu wakapita wahudumu wawili kwa miguu wamebeba machela, msichana amelala juu yake, midomo imepasuka na kuwa myeupe kama imepakwa majivu, na daktari anakimbia kando ameinua chupa ya glukosi. Mkono wa yule msichana ulikuwa umening'inia nje ya machela. Ulinigusa tumboni ulipopita. Ulikuwa wa baridi, katika mwezi wa Mei.

Kijana aliporudi nilimuuliza juu ya Nanjing. Nilikuwa nimebeba swali lile tangu Desemba, na kwa Kichina changu cha mitaani lilitoka kali kuliko nilivyotaka. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Wale hawakuwa wanafunzi." Haikuwa kweli. Mimi nilijua, na nadhani naye alijua. Nikaendelea kushika kamba. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuiacha nikaondoka, na jibu nililo nalo ni yule msichana wa kwenye machela. Alikuwa anahitaji njia. Mambo ya mimi na yule kijana yangeweza kusubiri.

Sikumwona tena baada ya siku ile. Sikumuuliza jina.

Alfajiri ya tarehe 19, Zhao Ziyang, katibu mkuu wa chama, alikwenda uwanjani na kipaza sauti cha mkononi akawaambia vijana: "Wanafunzi, tumechelewa kuja. Tunaomba radhi." Ilikuwa mara yake ya mwisho kuonekana hadharani, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake mpaka alipofariki mwaka 2005. Kesho yake ikatangazwa sheria ya kijeshi. Malori ya wanajeshi yakaja, na watu wa kawaida, akina mama na vikapu vyao, wakayazunguka wakawasihi askari warudi, na kwa wiki mbili askari hawakupita. Tarehe 30 wanafunzi wa chuo cha sanaa wakasimamisha sanamu ya mwanamke mwenye mwenge, urefu kama mita kumi, uso kwa uso na picha ya Mao. Ninyi vijana mnaijua zaidi ile picha ya mtu mmoja mbele ya vifaru, ya tarehe 5 Juni, na huyo mtu anastahili kukumbukwa. Lakini mimi huwakumbuka akina mama wa malori. Walikuwa wengi na hawakupigwa picha moja ya kuwajulisha kwa dunia.

Usiku wa tarehe 3 Juni baba alikuwa zamu. Jengo la redio lilikuwa Fuxingmen, upande wa magharibi wa mji, kwenye barabara ileile ambayo jeshi liliingilia. Kiasi cha saa nne usiku askari walianza kufyatua risasi za moto pale Muxidi, karibu na hapo. Watu walikuwa wamepanga mabasi kuzuia daraja. Waliuawa waliokuwa barabarani, na waliuawa hata watu waliokuwa ndani ya nyumba zao, ghorofani, waliochungulia dirishani. Mama na mimi tulikaa gizani. Kutoka kwetu milio ilikuwa ya mbali, kavu, kama mtu anavunja kuni mtaa wa pili.

Baba alirudi asubuhi anakokota baiskeli, magurudumu yote mawili yamepasuka kwa vioo. Hakuketi. Alisimama jikoni akamwambia mama, "Wanawapakia kwenye maguta." Wachina nao wana baiskeli za miguu mitatu za kubebea mizigo, sawa kabisa na maguta yetu ya Kariakoo, na usiku ule ndizo zilizokuwa magari ya wagonjwa. Akasema ameona guta moja lina watoto wawili, na wa juu hakuwa anatikisika. Baada ya hapo hakulizungumza tena mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Wanajeshi nao waliuawa, wengine walichomwa moto na watu wenye hasira, na mama zao nao walilia. Lazima hilo lisemwe. Lakini jeshi lilitumwa na bunduki kwa watu wasio na bunduki, na aliyetoa amri ile hajapata kuulizwa.

Asubuhi ile idhaa ya Kiingereza ya redio ileile ilitangaza kwa dunia kwamba raia wengi wasio na hatia wameuawa na askari wenye silaha, na ikawaomba wasikilizaji waungane nao kulaani. Waliohusika waliondolewa kazini. Baba aliniambia miaka ya baadaye kwamba aliposikia maneno yale alisimama wima kwenye korido, kama mtu anayesikia wimbo wa taifa.

Sasa nirudi bafuni. Tarehe 6 asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa yule mwenzake baba, baba wa rafiki yangu. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kupitia vichochoro. Alisimama mlangoni, hakuingia, na alizungumza Kiswahili kwa sauti ya chini kwa sababu mhudumu wa ghorofa alikuwa ameketi mwisho wa korido. Alisema, "Ndugu yangu, binti yako alipiga picha. Nyuso zimo. Ninyi mtakaguliwa uwanja wa ndege." Halafu akasema, "Binti yangu yumo."

Baba hakujibu. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyofanya kwenye msiba. Mlango ulipofungwa alikuja chumbani akaomba kamera.

Nilipiga kelele. Nilimwambia kwamba ule ni ushahidi, na neno lile nilikuwa nimelipata uwanjani. Nilimwambia yeye ni mtu wa habari, anawezaje. Akanijibu jambo moja: "Sisi tuna ndege." Akaingia bafuni.

Tuliondoka siku chache baadaye. Tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege nilihesabu mabasi yaliyoungua mpaka nikaacha. Mwezi huohuo, tukiwa Ubungo, tulisikia redioni kwamba serikali ya China imetoa orodha ya viongozi 21 wa wanafunzi wanaotafutwa, na picha zao zimeonyeshwa kwenye televisheni. Wengine walitambuliwa kwa picha na kanda zilizopigwa na kamera. Mama alinitazama. Sikumwambia baba kwamba alikuwa sahihi. Nilipokuwa tayari kumwambia alikuwa mgonjwa, na nilimwambia akiwa amelala, sijui kama alisikia.

Rafiki yangu aliandika barua mara moja, mwaka 1990. Alikuwa amechaguliwa kuingia Chuo Kikuu cha Beijing, na mwaka ule wanafunzi wapya wa chuo hicho walipelekwa kwanza mwaka mzima wa mafunzo ya kijeshi huko Shijiazhuang. Aliandika kuhusu baridi, na kwamba wanajifunza kutembea kwa hatua moja. Basi. Niliisoma barua ile kama mtu anayetafuta sarafu mchangani, na hapakuwa na kitu, na nilielewa kwamba hicho ndicho alichokuwa ananiambia.

Kuna kijana mwingine wa Haidian lazima nimtaje, na yeye jina lake natamka kwa sababu mama yake alitaka litamkwe. Jiang Jielian. Alisoma shule ya sekondari iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Renmin, jirani yetu. Alitimiza miaka 17 tarehe 2 Juni. Usiku wa tarehe 3 mama yake, Ding Zilin, mwalimu wa falsafa, alimzuia asitoke, na mtoto akajifungia msalani akatokea dirishani. Alipigwa risasi mgongoni kule Muxidi. Yawezekana tulipanda basi moja, 332, mara ishirini. Huyo mama, pamoja na mama wengine waliofiwa, wakaanza kutafuta familia moja baada ya moja na kuandika majina. Wakafuatiliwa, wakazuiwa kutoka nyumbani kila Juni inapokaribia, na waliendelea. Orodha yao ina majina zaidi ya 200 ya watu ambao wao wenyewe wamewathibitisha. Wengi wa akina mama hao wamekwisha fariki. Nchini China tarehe yenyewe, 4 Juni, huondolewa kwenye intaneti, hata watu waliwahi kuandika "Mei 35", yaani siku 31 za Mei na nne za Juni, ili wapite, na hiyo nayo ikazuiwa. Hong Kong walikuwa wakiwasha mishumaa kila mwaka katika bustani ya Victoria tangu 1990. Mwaka 2020 mkesha huo ukapigwa marufuku.

Baadhi yenu mnakwenda China. Nataka niseme wazi: nendeni. Ni nchi iliyonilea miaka miwili, na watu waliogawa barafu bure barabarani ni Wachina, na walioshika kamba ni Wachina. Wengine mnakwenda India, Uturuki, Urusi, Ulaya. Popote, siku moja mnaweza kutoka bwenini mkute barabara imejaa wenzenu, na rafiki akawavuta mkono. Wazazi mnaotikisa vichwa, nawaona. Mngependa niwaambie wakae ndani wafunge mlango. Mama yangu aliniambia hivyo kila siku na alikuwa na haki. Sina uwezo wa kuwaahidi kwamba watabaki ndani. Nina uwezo wa kuwaambia yale ambayo mimi sikuambiwa.

Mkikuta hali ile, ninyi mna ubalozi, mna pasi ya kusafiria, mna ndege. Aliyesimama pembeni yenu hana. Usimwulize mwenyeji darasani maswali ambayo jibu lake litamgharimu yeye na si wewe. Na simu zenu hizi, jamani. Mimi nilikuwa na mkanda mmoja na baba aliumaliza kwa dakika mbili. Picha ukishaituma haina bafuni ya kuiunguzia. Kabla hujabonyeza, tazama ni uso wa nani na kesho atalala wapi. Halafu ukifika nyumbani, mahali ambapo lugha yako haiwezi kumdhuru, simulia. Mimi nilinyamaza zaidi ya miaka thelathini. Nilijiambia ninamlinda rafiki, na miaka ya kwanza ilikuwa kweli. Miaka iliyofuata nilikuwa nimezoea tu kunyamaza, na China ni rafiki yetu, na watu hawakuuliza.

Basi nawapa mkanda. Sita za kwanza ni mama yangu ziwani, Ikulu ya Majira ya Joto, amevaa khanga juu ya koti. Saba ni bibi wa barafu. Nane mpaka kumi na tano ni maandamano ya tarehe 27 Aprili, nyingi zimetikisika. Kumi na tisa ni mimi: yule kijana aliomba kamera akanipiga nikiwa na kamba mkononi. Ishirini ni yeye. Jua lilikuwa linampiga usoni, amekunja uso, plasta ya miwani inaonekana. Ishirini na moja ni mabango, na ishirini na mbili nilifyatua kwa bahati mbaya, ni viatu vya watu. Thelathini na moja ni akina mama watatu na lori la jeshi, mmoja anampa askari yai la kuchemsha. Na ya 36 nilipiga tarehe 2 Juni getini kwetu. Rafiki yangu yuko juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, mdomo wazi. Alikuwa ananiambia nisubiri kwanza, avue kofia.